Kodi ya Haki: Mafundisho Kutoka Sheria za Warumi



Katika masomo ya Injili mmekwisha kusikia mara nyingi habari za watoza ushuru. Mmesikia kwamba Mathayo aliitwa na Bwana akiwa ameketi mahali pa kutoza ushuru, na kwamba Zakayo wa Yeriko alipanda juu ya mkuyu. Mmesikia pia kwamba Wayahudi waliwahesabu watu hao pamoja na wenye dhambi. Basi wengine wenu huuliza: Je, kutoza kodi ni dhambi? Na kulipa kodi, je, ni jambo la dini, au ni jambo la serikali tu?

Maswali haya si ya zamani tu. Mtu apelekaye gunia la mahindi au la makaa sokoni Lubumbashi huyakuta njiani. Mchimbaji wa shaba huyakuta penye mizani. Mama auzaye mboga huyakuta kila asubuhi. Yafaa basi tujifunze jinsi makaisari wa Roma walivyoamuru juu ya kodi, halafu tutazame nchi yetu wenyewe. Tutaona neno moja lililo kweli huko na huku: kodi yenyewe si uonevu. Uonevu huanza pale sheria ya kodi inapofichwa, kipimo kinapozidishwa, na mnyonge anapokosa mahali pa kushtaki.

1. WATOZA USHURU WALIKUWA WATU GANI?

Dola la Roma lilikuwa kubwa sana, nalo halikuwa na makarani wa kutosha. Kwa sababu hiyo Warumi waliuza kazi ya kukusanya ushuru. Matajiri walishindana kwa bei. Aliyeahidi fedha nyingi kupita wenzake alipewa kazi, akaahidi kulipa fedha ile katika hazina ya dola, kisha akaitafuta kwa watu. Kila alichopata juu ya fedha aliyoahidi kilikuwa faida yake mwenyewe. Fikirini hatari iliyo katika mpango wa namna hii! Mtoza alipozidisha kipimo, dola halikupoteza kitu, bali mwenyewe alitajirika.

Zilikuwako kodi za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kodi ya watu na ya mashamba, iliyotozwa baada ya kuandikwa kwa watu na mali. Mwaka 6 baada ya Kristo, Kirenio, liwali wa Siria, aliwaandika watu wa Yudea kwa ajili ya kodi hiyo, na Yuda wa Galilaya akawachochea wengi kuasi. Ya pili ilikuwa ushuru wa bidhaa, uliotozwa bandarini, madarajani na katika malango ya miji. Kwa kazi hii ya pili matajiri waliajiri watu wa nchi ile ile, wenye kuijua lugha na njia za wenzao. Ndiyo sababu watu waliwachukia sana. Wazee wetu husema: Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwinjili Luka asimulia kwamba watoza ushuru walimwendea Yohane Mbatizaji kutaka ubatizo, wakamwuliza lililowapasa kutenda. Angalieni vema, ndugu: watu hao walikuwa kama ninyi, watu wenye kujitayarisha. Yohane hakuwaambia waiache kazi yao. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya kile walichoamriwa. Naye Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani mwake, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu.

Lakini hapa pana shida moja. Kama mtoza hana ruhusa kuzidisha kilichoamriwa, mkulima na mchuuzi watajuaje kilichoamriwa ni kiasi gani?

2. SHERIA ILIYOFICHWA NA SHERIA ILIYOTANGAZWA

Kaisari Caligula alitawala tangu mwaka 37 hata mwaka 41. Alipokwisha kuitapanya hazina, aliweka kodi mpya nyingi: juu ya vyakula vilivyouzwa mjini, juu ya mashauri ya mahakamani, hata juu ya wapagazi, ambao walidaiwa sehemu moja katika nane ya pato lao la kila siku. Kodi hizo zilitangazwa kwa mdomo, ila maandishi yake hayakubandikwa. Watu walivunja sheria pasipo kuijua, wakatozwa faini. Walipolalamika na kudai waione sheria, Kaisari aliamuru ibandikwe. Lakini iliandikwa kwa herufi ndogo sana, nayo ikawekwa mahali pembamba, ili mtu yeyote asiweze kuinakili. Mwandishi Suetonius ndiye aliyetuachia habari hiyo.

Naam, sheria ilibandikwa, lakini watu walibaki gizani vile vile. Sheria isiyoweza kusomwa si taa ya kumwongoza mtu. Ni mtego wa kumnasa.

Miaka michache baadaye, katika mwaka 58, watu walimlilia Kaisari Nero kwa sababu ya watoza ushuru waliozidisha. Nero alikuwa kijana bado. Alifikiri kwanza kuufuta ushuru wote wa bidhaa, uwe zawadi kwa watu wote. Wazee wa Baraza la Roma waliusifu moyo wake mkubwa, lakini walimzuia. Walimwonyesha kwamba dola lenye kukosa mapato haliwezi kusimama, na kwamba leo ushuru ukifutwa, kesho watu watataka na kodi ya mashamba ifutwe. Basi Nero alitoa amri yenye maneno haya, kama aelezavyo mwandishi Tacitus:

Kwanza: sheria ya kila ushuru, ambayo hata siku ile ilikuwa imefichwa, ibandikwe mbele ya watu wote.

Pili: deni ambalo mtoza hakulidai kwa mwaka mzima, asilifufue tena.

Tatu: mtu akiwashtaki watoza ushuru, hakimu katika mji wa Roma, na maliwali katika majimbo, wamsikilize mbele ya mashauri mengine.

Nne: malipo yaliyobuniwa na watoza wenyewe, na kupewa majina mazuri ili yaonekane kuwa ya sheria, yafutwe.

Tuyatazame maneno haya manne polepole. La kwanza lampa mlipaji macho: aione sheria. La pili lampa usingizi: asiamshwe kila siku na madeni ya kale. La tatu lampa mdomo: awe na mahali pa kusema. La nne lavunja hila ambayo twaijua sana na sisi, ya kulipa jina jipya tendo la zamani la kunyang'anya. Tozo lisilo na sheria haliwi halali kwa kupewa jina, wala kwa kuandikwa juu ya kipande cha karatasi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba karibu na mwaka 57, yaani muda mfupi kabla ya amri hii, Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakristo wa mji wa Roma ile barua ambayo ndani yake, katika sura ya 13, awafundisha kumlipa kila mtu haki yake, mwenye kodi kodi yake, na mwenye ushuru ushuru wake. Wakristo wale waliishi katika mji ule ule uliojaa manung'uniko juu ya watoza. Paulo hakuwaambia wakwepe, wala hakusema kwamba wizi wa watoza ni halali. Alisema walipe kilicho haki.

Je, amri ile njema ilidumu? Tacitus asema kwamba mengine yaliyoamriwa pamoja nayo yalishikwa muda mfupi tu, kisha yakapuuzwa. Naye Nero mwenyewe aligeuka kuwa mtu mkatili. Baada ya moto wa Roma wa mwaka 64 aliwatesa na kuwaua Wakristo. Hapa twajifunza kwamba mtu mbaya aweza kutoa sheria nzuri, na kwamba sheria nzuri hufa isipopata watu wa kuishika.

3. HURUMA YA MFALME NA HAKI YA MNYONGE

Kabla ya Nero, Kaisari Tiberio, ambaye sura yake yadhaniwa ndiyo iliyokuwa katika ile dinari aliyoonyeshwa Bwana wetu, aliwahi kuandikiwa na watawala wa majimbo waliotaka kodi iongezwe. Aliwajibu kwamba mchungaji mwema hukata manyoya ya kondoo zake, wala hawachuni ngozi. Maneno hayo kila mfugaji ayaelewa. Manyoya huota tena; ngozi iliyochunwa haioti, na kondoo hufa.

Kaisari Hadrianus, katika mwaka 118, alisamehe madeni ya kodi ya miaka mingi, jumla ya sesterti milioni 900. Hakutosheka na kutoa neno la msamaha. Aliamuru hati za madeni zichomwe moto hadharani, katika uwanja wa Trayano mjini Roma, ili pasiwe na karani atakayezitoa tena sandukuni baada ya kifo chake. Huko ndiko kusamehe kwa kweli.

Kaisari Konstantino alikuwa wa kwanza kati ya makaisari kuwapendelea Wakristo. Katika mwaka 320 alikataza wenye deni la kodi wasitiwe gerezani, wala wasipigwe kwa mijeledi yenye risasi, wala wasiteswe kwa namna nyingine. Gereza, alisema, ni la wahalifu. Mali ya mdaiwa yaweza kushikwa, bali mwili wake usiumizwe.

Hata hivyo tusidhani kwamba siku zile zilikuwa siku za amani kwa maskini. Miaka mia moja na zaidi baadaye, padri mmoja wa Marseille, jina lake Salvianus, aliandika kwa uchungu jinsi mambo yalivyokwenda katika nchi ya Galia. Wakubwa ndio waliopanga kodi, na maskini ndio waliozilipa. Na mara serikali ilipotoa nafuu, wakubwa waligawana ile nafuu wao kwa wao, mnyonge asipate kitu. Watu wengi waliyaacha mashamba yao, wakakimbilia kwa waasi na kwa mataifa ya kigeni, maana huko walitumaini kupata ubinadamu zaidi kuliko kwa Warumi. Huruma ya mfalme peke yake haitoshi, ikiwa mikono inayoipitisha ni mikono ya wezi.

4. ASKOFU ALIYEWATETEA WACHIMBAJI

Sisi wa Katanga, watu wa nchi ya shaba, tuna sababu ya kumpenda Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia. Karibu na mwaka 372 Modestus, mkubwa wa Kaisari, alimtisha Basili kwa kunyang'anywa mali, kuhamishwa na kuuawa, kwa sababu askofu huyo alikataa kuiacha imani ya kweli. Basili hakutetemeka.

Baadaye Basili huyo huyo alimwandikia Modestus barua, si kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa ajili ya watu wa milima ya Taurusi. Nchi yao ilikuwa na chuma, nao walidaiwa kodi kwa chuma walichokitoa ardhini. Basili hakuomba wafutiwe kodi. Aliomba iwe kodi yenye kuvumilika, ili watu wale wasivunjike mara moja, bali wapate nguvu ya kuendelea kuitumikia nchi.

Tujifunze adabu ya barua ile. Mtakatifu hakuchochea watu kukimbia wala kuficha chuma. Hakunyamaza pia, ati kwa kuwa kodi ni mambo ya dunia. Alikwenda kwa mwenye mamlaka, akalitaja jambo lenyewe wazi, akaomba kipimo. Nasi mpaka leo tuna wajibu huo wa kusema kwa ajili ya wale wasio na kalamu.

5. MAMBO YALIYOTUKIA KATIKA NCHI YETU

Sasa turudi Kongo. Katika Dola la Kongo la mfalme Leopold II, lililodumu tangu 1885 hata 1908, watu wa misituni huko Kaskazini walitozwa kodi ya kazi, hasa kazi ya kutafuta mpira wa porini. Amri ya tarehe 18 Novemba 1903 ilisema kazi hiyo isizidi saa 40 kwa mwezi. Katika karatasi, kipimo kilikuwako.

Lakini mwaka 1904 ilitumwa Tume ya Uchunguzi ya watu watatu, ambao ni Janssens, Nisco na de Schumacher. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1905. Tume iliona kwamba katika sehemu nyingi saa hazikuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni mpira. Mara nyingi mtu alikiacha kijiji chake kila majuma mawili, akatembea siku moja au mbili, au zaidi, mpaka mahali penye mitambaa ya mpira. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete mpira. Mbele ya Tume hiyo alikuja chifu mmoja, Lontulu wa Bolima, akaweka chini vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Vijiti havikuwa vya urefu mmoja, kwa maana waliokufa walikuwamo wakubwa, na wanaume, na wanawake, na watoto.

Ndugu, chifu yule hakujua kuandika, lakini alitunza daftari. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Lontulu alitufundisha kwamba hata maisha ya watu yaweza kupotea bila habari, asipokuwapo mtu wa kuyahesabu na mahali pa kuyaleta.

Ubelgiji ilipoichukua nchi, amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka kodi ya fedha. Mwaka ule ule wa 1910 ndio mwaka ulipoanzishwa mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na reli ilifika kutoka Kusini. Kodi ya fedha ilikuwa na nafuu kubwa kuliko ile ya mpira, kwa kuwa kipimo chake chaweza kuhesabiwa vidoleni. Ila vijijini fedha ilikuwa adimu. Mwanamume aliyekosa faranga za kodi alilazimika kwenda kuzitafuta machimboni au relini, na serikali yenyewe ilitaka iwe hivyo, maana machimbo ya Union Minière yalihitaji watu. Asiyelipa aliweza kutiwa gerezani. Lile jambo ambalo Konstantino alilikataza mwaka 320 lilikuwa halali hapa kwetu miaka 1600 baadaye. Wala waliolipa hawakuulizwa shauri lao juu ya kodi hiyo.

Basi historia yetu yatuonyesha mambo mawili. Kwa mpira, sheria iliandikwa ila haikushikwa. Kwa faranga, sheria ilishikwa ila haikupimwa kwa uwezo wa mwanakijiji. Haki yahitaji yote mawili.

6. SHERIA YA NCHI SIKU HIZI

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema maneno ambayo kila mkristo wa kijijini yafaa ayajue. Ibara ya 65 yamwamuru kila Mkongomani kulipa kodi zake. Ibara ya 174 yasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Tazameni jinsi ibara hizi mbili zinavyokwenda pamoja kama miguu miwili. Raia ana wajibu wa kulipa. Mtawala ana wajibu wa kuonyesha sheria. Mwenye mguu mmoja hafiki mbali.

Sheria ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi yampa mlipaji ruhusa ya kulalamika kwa maandishi akiona kodi aliyotozwa si sawa, na asiporidhika na jibu aweza kufika mahakamani. Tena katika mwezi Machi 2018 ziliwekwa orodha za kodi na malipo yote ambayo serikali kuu, majimbo na tawala za chini zaruhusiwa kudai. Shabaha ya orodha ni ile ile ya amri ya mwaka 58: malipo yasiyomo, mtu asiyadai.

Kwa watu wa machimbo liko jambo jingine. Kampuni ya machimbo huilipa serikali mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayoyauza. Kwa sheria ya machimbo iliyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha huo umegawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa utawala wa mahali penye machimbo, kama vile eneo la chifu au komini, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile sehemu ya 15 ni mali ya watu wa pale, ya shule yao, ya njia yao na ya maji yao. Kuuliza kwa adabu imetumikaje si uasi. Ni kazi ya raia mwema.

Najua mtakalosema: Sheria ni nzuri, lakini njiani mwenye kizuizi hana sheria mkononi, ana kamba tu. Ni kweli kwamba vizuizi vya namna hiyo vimewaonea watu wengi katika nchi yetu. Lakini tofauti na watu wa Caligula, sisi twaweza kuijua sheria. Katika kijiji ambamo watu watano wanajua orodha ya malipo ya soko lao, mtoza huona haya kuzidisha. Katika kijiji ambamo hakuna ajuaye, hata mtoza mwema hujaribiwa.

7. WAJIBU WETU

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba kodi yapasa kupimwa kwa uwezo wa walipaji. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, uliwaonya wale wasioona aibu kukwepa kodi za haki kwa hila na udanganyifu. Kwa hiyo tusishike upande mmoja na kuuacha wa pili.

Wewe mlipaji: lipa kilicho haki, wala usiseme uongo juu ya idadi ya magunia yako. Uliza sheria kwa upole. Dai stakabadhi, yaani hati ya kwamba umelipa, uitunze. Ukidhulumiwa, usilipize kwa kudhulumu. Andika siku, mahali na kiasi, ukatoe habari kwa chifu, kwa kamati ya kijiji, au kwa mwenye mamlaka aliye juu ya mtoza yule. Wengi wakisema pamoja, sauti yao husikika.

Wewe mtoza, maana najua kwamba wengine kati ya wakatekumeni ni makarani wa soko au walinzi wa njia: bandika bei mahali ambapo hata mtoto ataweza kuisoma. Toa stakabadhi kabla hujaombwa. Usibuni malipo. Kama mshahara wako haufiki kwa wakati, huo ni uonevu unaotendewa wewe, na una haki ya kuulalamikia. Lakini mama auzaye mboga siye aliyekunyima mshahara wako, basi usiutafute katika kikapu chake. Na kama umekwisha kuzidisha, kumbuka Zakayo: hakusema tu kwamba anasikitika, alirudisha.

MASWALI NA MAJIBU YA KUKUMBUKA

Swali: Je, kutoza kodi ni dhambi?
Jibu: Sivyo. Yohane Mbatizaji hakuwakataza watoza ushuru kazi yao; aliwakataza kuzidisha kilichoamriwa.

Swali: Kodi ya haki yajulikanaje?
Jibu: Imewekwa kwa sheria, sheria hiyo imetangazwa na yaweza kusomwa, kipimo chake chalingana na uwezo wa watu, na aliyeonewa ana mahali pa kushtaki.

Swali: Caligula alikosa nini alipobandika sheria yake?
Jibu: Aliibandika kwa herufi ndogo, mahali pembamba, ili watu wasiijue na wanaswe.

Swali: Nero aliamuru nini katika mwaka 58?
Jibu: Sheria za ushuru zibandikwe, madeni yaliyopita mwaka yasifufuliwe, mashtaka juu ya watoza yasikilizwe upesi, na malipo ya kubuni yafutwe.

Swali: Mtakatifu Basili aliwaombea nini wachimbaji wa chuma?
Jibu: Aliwaombea kodi yenye kuvumilika.

Swali: Vijiti vya chifu Lontulu vyatufundisha nini?
Jibu: Kwamba kipimo kilichoandikwa hakimwokoi mtu kisiposhikwa, na kwamba yafaa kuhesabu na kutoa ushahidi wa uonevu.

Swali: Mkristo afanye nini akidaiwa malipo asiyoyajua?
Jibu: Aulize sheria kwa upole, adai stakabadhi, na akidhulumiwa apeleke habari kwa mwenye mamlaka, bila uongo wala jeuri.

Juma hili, katika mkutano wenu wa mafundisho, mwombeni katekista awasomee Luka sura ya 3 na ya 19. Kisha kila mmoja aulize sokoni kwake: Je, bei ya ushuru imebandikwa? Kama haikubandikwa, chagueni watu wawili wenye busara, wamwendee chifu au mkubwa wa soko, wamwombe aibandike.